Kura ya Tarishi Malimbo

Mwezi uliopita nilikwenda Katesh kumzika shangazi yangu. Asubuhi ya kuondoka, mvua ndogo ilikuwa imenyeshea mabua ya ngano yaliyorundikwa kando ya njia, na harufu yake ikanijia ghafla. Ninyi wa rika langu mliokulia kwenye kambi za mashamba ya ngano mnaijua harufu hiyo. Ni harufu ya kitu kikavu kilichokubali maji shingo upande, na kwetu sisi haikosi kuchanganyika na dizeli hata pale ambapo trekta halipo. Nilisimama pale matopeni mpaka mpwa wangu akaniuliza kama nimesahau kitu. Nikamwambia sijasahau, nimekumbuka.

Nilichokumbuka ni mtu ambaye hakuwahi kuishi. Aliitwa Malimbo. Alikuwamo ndani ya kitabu kisicho na jalada, na siku moja shule yetu nzima ilisimama juani kuamua kama mtu yule anastahili kuhurumiwa au hastahili.

Nyumbani kwetu hasa ni Nambis, kule juu, ambako shamba la mtu ni dogo kiasi kwamba ukirusha jiwe kutoka kwenye mahindi yako linaangukia kwenye maharage ya jirani. Baba aliteremka tambarare kutafuta kazi serikali ilipoanzisha mashamba ya ngano, akatuleta mama na mimi kukaa kambini, kwenye nyumba za mabati zilizopangwa mistari kama ya daftari. Siku ya kwanza nilipoiona ngano nilidhani ni mbuga tu. Ilianzia kwenye uzio wa shule ikaenda, ikaenda, mpaka ikagusa miguu ya mlima Hanang, na upepo ukipita juu yake ilionekana kama mgongo wa mnyama anayepumua.

Baba alikuwa mlinzi. Alipewa filimbi, fimbo, na koti la kaki lenye vifungo vya shaba ambalo mimi niliona ni vazi la mtu mkubwa sana. Kazi yake ilikuwa moja, kuzuia ng'ombe wasiingie kwenye ngano. Ng'ombe hao walikuwa wa wafugaji waliokuwapo pale kabla ya trekta la kwanza. Njia yao ya kwenda kwenye maji ilipita katikati ya pale palipolimwa, kwa hiyo sasa walizunguka, na kuzunguka kwenyewe kulikula kutwa nzima. Mambo hayo sikuyajua wakati ule. Nilichojua ni kwamba watoto wa wafugaji shuleni waliniita Filimbi, na sikupenda.

Mmoja tu hakuniita hivyo, naye ni Gidamis. Tulikaa dawati moja kwa sababu mwalimu wetu alituchanganya makusudi, mtoto wa kambini na mtoto wa ng'ombe, dawati kwa dawati. Gidamis hakuniita Filimbi, lakini hakuniita jina lingine lolote pia. Alikuwa mrefu, mkimya, anajua hesabu kuliko sisi sote. Kiswahili alikuwa amekikuta shuleni, kama mimi. Mimi niliyavuta maneno kwa Kiiraqw changu, yeye aliyakata mafupi kama anayepasua kuni, na tulipokuwa tukisoma kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, darasa lilicheka mara mbili.

Sasa niseme lililotokea. Ilikuwa Jumamosi, ngano imeanza kugeuka rangi. Mama alinituma nimpelekee baba makande kwenye kizuizi cha upande wa Gehandu. Kizuizi chenyewe kilikuwa mti mrefu uliolazwa juu ya nguzo mbili. Nilimkuta baba akizungumza na mama mmoja wa kifugaji, mjane, mtoto mgongoni, na ng'ombe saba ambao ndimi zao zilikuwa zimetoka nje. Kisima cha kwao kilikuwa kimekauka. Alimwomba baba amruhusu akate moja kwa moja kupitia njia ya trekta, kwa sababu kwa kuzunguka wale ndama wawili wasingefika. Baba alikataa. Yule mama hakubishana, alikaa tu chini. Baba alitazama barabara juu na chini, akanitazama na mimi, kisha akauinua mti.

Aliniambia nitangulie mbele ya ng'ombe nikiwa na fimbo. Tulikwenda vizuri mpaka kwenye kona, na pale mmoja akaingiza kichwa kwenye ngano, wa pili akafuata, na tulipokuja kuwatoa wote, sehemu ya ukubwa wa darasa ilikuwa imelala chini. Yule mama alitokea upande wa pili na kwenda kwenye maji. Baba alirudisha mti mahali pake, akaketi.

Haukupita muda, gari la msimamizi wa shamba likaja. Na nje ya kizuizi, kwenye njia ya kuzunguka, alikuwa akipita baba yake Gidamis na ng'ombe wake kumi na wanne. Msimamizi aliona ngano iliyolala, akaona nyayo, akamwona mfugaji. Akanyoosha kidole, akamuuliza baba kama walioingia ni wale.

Mimi nilikuwa nimekaa chini ya mti nikishika bakuli tupu. Baba hakusema neno. Aliinamisha kichwa mara moja, akakiinua.

Baba yake Gidamis alisema si wangu, si wangu, si wangu. Mara tatu, halafu akaendelea kwa lugha yake. Ng'ombe walisukumwa mpaka kwenye zizi la shamba, pale wanapofungiwa wale wanaokamatwa, na yeye akapelekwa Katesh. Walimwachia baada ya siku mbili akasubiri baraza la kata. Ikithibitika ni kosa lake, ng'ombe wote wangepelekwa mnadani. Shahidi alikuwa mmoja tu, baba yangu.

Mtanicheka nikiwaambia nilivyofikiri. Katika akili yangu uongo ulikuwa kitu cha mdomo. Padre alikuwa ametufundisha kwamba tusiseme uongo, lakini hakusema lolote kuhusu shingo. Kwa hiyo niliona baba hana kosa, kwa sababu hakusema. Nililishika wazo hilo kwa mikono miwili, na kila Gidamis aliporudi kutoka mapumziko nililishika zaidi. Kila mapumziko alikuwa anakimbia mpaka zizini na majani aliyoyafunga kwenye shuka lake, anawapenyezea ng'ombe kwenye uzio, halafu anarudi darasani vidole vimekatwakatwa na majani. Anakaa pembeni yangu, anaandika imla. Na mimi naandika imla.

Mwalimu wetu aliitwa Bernadeta. Alikuwa bado msichana, ametoka Mbulu, na kila Ijumaa kipindi cha mwisho alitusomea sura moja ya kitabu kile kisicho na jalada. Alisoma akitembea kati ya madawati, na akifika mahali pa hatari alisimama nyuma yetu ili tusimwone uso.

Malimbo alikuwa tarishi wa mtemi. Siku moja mtemi akapata habari kwamba maadui wanakwenda kuchoma kijiji kinachoitwa Sanzu, akamtuma Malimbo akawaonye watu wahame. Malimbo akatoka mbio. Njiani ikampasa kupita kwake, akamkuta mtoto wake wa pekee ana homa kali, mke hayupo, amekwenda kwao. Akasema nitakaa kidogo mpaka homa ishuke. Akakaa mpaka asubuhi. Mtoto akapona, na Sanzu ikaungua. Mtemi alipomuuliza, Malimbo akajibu kwamba ujumbe aliufikisha, ila watu wa Sanzu ni wabishi, walikataa kuhama. Tangu siku hiyo ikawa methali nchini kote, mbishi kama mtu wa Sanzu. Malimbo akaenda kwenye majivu, akalia, akawakuta watoto wanne waliosalimika, akawachukua. Akawalea kama wake. Aliuza shamba kwa ajili yao. Yule wa mwisho alipougua, Malimbo alimbeba mgongoni siku tatu kwenda kwa mganga. Na wale watoto walimpenda, wakamwita baba, na hata wao wenyewe wakiona mtu mkaidi walisema, mbishi kama mtu wa Sanzu.

Ijumaa ile mwalimu aliposoma mahali hapo, hakuna aliyecheka wala kukohoa. Mimi nililia bila kujificha. Mwalimu akafunga kitabu akatuambia kwamba kurasa zilizobaki hazipo, mchwa walizila kabla kitabu hakijafika mikononi mwake. Yeye mwenyewe hajui mwisho. Halafu akasema, "Mwisho wake mtautengeneza ninyi. Siku ya wazazi tutakuwa na mdahalo. Malimbo anastahili huruma, au hastahili."

Alisema kama mwalimu anavyosema, kutupa hamu. Mimi niliamini neno kwa neno. Niliamini kwamba Malimbo amesimama mahali fulani pembeni mwa ukurasa wa mwisho, anasubiri, na kwamba kura yetu itaandikwa kwenye karatasi na kupelekwa kule wanakotengeneza vitabu, ili mwisho uandikwe kama tutakavyoamua. Na kwa kuwa akilini nilikwisha kumwona Malimbo amevaa koti la kaki, niliamini pia kwamba tukimhurumia yeye, jambo la baba yangu nalo litakwisha.

Tukaokota karatasi kwenye kofia ya mwalimu mkuu. Msemaji wa upande wa kumhurumia, mimi. Msemaji wa upande wa kutomhurumia, Gidamis. Alikunja karatasi yake, akaitia mfukoni, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu ng'ombe wao wakamatwe.

Wiki ile nzima nilifanya mazoezi nyumbani. Nilisimama mbele ya meza nikaihutubia sufuria. Mama alicheka, akanirekebisha mikono. Baba alikuwa anasugua vifungo vya koti lake kwa majivu, maana wazazi wote wa kambini walitakiwa wapendeze siku hiyo, na jioni moja akaniomba nimsimulie hicho kisa chenyewe. Nikamsimulia chote, kuanzia kwa mtemi mpaka kwenye majivu mpaka kwa wale watoto wanne. Hakunikatiza hata mara moja. Mwisho aliuliza swali moja tu, kama wale watoto walikuja kujua. Nikamjibu kwamba ukurasa huo umeliwa na mchwa. Akaendelea kusugua kifungo kile kile.

Siku ya wazazi ilikuwa ya baridi na jua kali pamoja, mnajua hali ya hewa ya kwetu miezi ya mavuno. Viti vilipangwa mbele ya mlingoti wa bendera. Wazazi wa kambini walikaa, wafugaji walisimama upande wa uzio wakiegemea fimbo zao, na katikati yao nikamwona baba yake Gidamis amejitanda shuka jeusi. Baba yangu alikuwa amekaa safu ya nyuma. Mwenyekiti wa kijiji alikuwepo. Kwaya ikaimba, wa darasa la pili wakakariri, kisha Mwalimu Bernadeta akawasimulia wazee kisa cha Malimbo kwa kifupi, akatuita sisi wawili mbele.

Gidamis alianza. Hakuwa na karatasi. Watoto wa kambini walijiandaa kucheka, nikawaona wakigusana viwiko.

"Ninyi wote mnauliza Malimbo aliumia namna gani," alisema. "Mimi nauliza watu wa Sanzu. Wamekufa, halafu wanaitwa wabishi. Mtu anaweza kulea watoto wangu, anawapa maziwa, anawapa nguo, na kila siku wanasikia baba yao alikuwa mbishi. Mimi siwezi kunywa maziwa hayo. Afadhali mtu anichukie na aseme ukweli wangu."

Alirudi kukaa. Hakuna aliyecheka. Wale wafugaji pale uzioni hawakupiga makofi kwa sababu si desturi yao, lakini fimbo zao ziligonga chini, moja, nyingine, nyingine.

Nikasimama na karatasi yangu ya kurasa mbili. Nilikuwa nimeandika kuhusu homa ya mtoto, kuhusu shamba lililouzwa, kuhusu siku tatu za kumbeba mgonjwa mgongoni. Yalikuwa maneno mazuri, mengine nilikuwa nimeyachukua kwenye mahubiri. Nilifungua mdomo na sikuyaona. Niliona vidole vya Gidamis juu ya magoti yake, vile vilivyokatwakatwa na majani. Nikaelewa mara moja, kama mtu anavyoelewa hesabu iliyomsumbua muhula mzima, kwamba shingo nayo husema.

Mwalimu Bernadeta akanikoholea. Kisha nikakunja karatasi.

"Gidamis amesema kweli," nikasema, "na mimi sitambishia. Sisi tunamhurumia Malimbo kwa sababu kitabu kimetuambia yote. Tulimwona na mtoto mgonjwa. Tulimwona analia kwenye majivu. Lakini wale watoto wanne hawajaona. Hawawezi kumhurumia hata wakitaka, maana amewaficha. Mimi naomba mumhurumie, si kwa sababu hana kosa. Ana kosa. Mhurumieni apate nguvu ya kwenda kuwaambia. Wale watoto ndio wenye kura. Sisi tunampeleka tu mpaka mlangoni."

Sauti yangu ilikuwa imeanza kama ya mbuzi, lakini mwishoni nilijisikia nimesimama juu ya kitu kigumu. Ndugu zangu, nimeshasimama mbele za watu mara nyingi tangu hapo. Nimefundisha, nimesoma somo kanisani, nimetetea kiwanja chetu mbele ya baraza. Sijawahi tena kusikia maneno yakinitoka kama siku ile, yakiwa kamili, yakiwa yangu, wala sijali kama niliyavuta kwa Kiiraqw. Watoto wa kambini walipiga makofi, na baadaye kidogo watoto wa wafugaji nao wakapiga.

Nilipokwisha kukaa ndipo nikapata ujasiri wa kumtafuta baba safu ya nyuma. Alikuwa amesimama. Alitoka kwenye viti, akapita nyuma ya wazazi wenzake mpaka pale uzioni, akasimama mbele ya baba yake Gidamis. Akavua kofia. Walizungumza maneno machache, sikusikia. Yule mzee alimtazama muda mrefu, kisha akamwita mwenyekiti wa kijiji kwa mkono, na wote watatu wakaondoka kufuata barabara ya shamba, mfugaji mbele na fimbo yake, baba nyuma yake, mwenyekiti akiwakimbilia.

Gidamis alikuwa ameona nilichoona. Akanong'ona, "Wanakwenda kupigana."

Nami nilifikiri hivyo hivyo. Niliwaza kwamba nimemwaibisha baba mbele ya watu, amekasirika, amekwenda kumalizia hasira kwa mtu ambaye yeye ndiye aliyemkosea tangu mwanzo. Nilitaka kukimbia niwafuate, lakini mwalimu alikuwa anatangaza kura. Wanaomhurumia Malimbo wasimame kulia kwa mlingoti, wasiomhurumia wasimame kushoto. Hakuna kubaki katikati.

Kukatokea vurugu ya vumbi. Watoto walikimbia, wakasimama, wakabadili mawazo, wakarudi. Wa darasa la kwanza walifuata kaka na dada zao. Vumbi lilipotua niligeuka nikaona upande wa kulia umejaa mpaka kwenye ua wa ofisi. Upande wa kushoto kulikuwa na watoto wapatao ishirini, na mbele yao Gidamis, peke yake kidogo, kidevu juu. Halafu, shule nzima ikimtazama, akavuka. Alitembea polepole, akafika, akasimama pembeni yangu, si nyuma yangu wala mbele. Mwalimu Bernadeta alimuuliza kama msemaji anaruhusiwa kujipinga. Gidamis akajibu kwamba hajajipinga. Amekubali kumpeleka mpaka mlangoni, Malimbo akifika huko asiposema, yeye atarudi kushoto.

Wazee walicheka kicheko kizuri, kile cha watu waliosikia jambo lililokaa sawa. Mwalimu mkuu alitangaza kwamba Malimbo amehurumiwa, wenzangu wakaninyanyua juu, na mimi pale juu, badala ya kufurahi, nilikuwa naangalia barabara ya shamba.

Kwa hiyo mimi ndiye niliyeona kwanza. Mwanzoni lilikuwa vumbi tu upande wa zizini. Kisha zikaonekana pembe. Walikuwa kumi na wanne, wamekonda, mbavu zinahesabika, lakini wanatembea haraka kama ng'ombe anayejua anakwenda wapi. Mbele yao alikuwa baba yake Gidamis akiimba. Sikujua maneno ya ule wimbo na sijui mpaka leo, ila wale wafugaji pale uzioni waliupokea kabla hajafika, wakaruka juu palepale walipokuwa, mashuka yakipepea. Gidamis alinipita kama mshale. Alikwenda kwa kila ng'ombe akimgusa paji la uso na kumwita jina, mmoja baada ya mwingine, wote, hakukosea.

Nyuma kabisa, akisukuma ndama aliyebaki nyuma, alikuja baba yangu. Hakuwa na koti. Hakuwa na filimbi. Alikuwa na shati lake jeupe la Jumapili, limelowa jasho mgongoni, na viatu vimejaa samadi.

Mambo ya ofisini tulisimuliwa na mwenyekiti, palepale, watu wakiwa wamemzunguka. Alisema baba aliingia kwa msimamizi akasema kizuizi alikifungua yeye kwa mkono wake, na kwamba mfugaji huyu alikuwa nje, hakuhusika. Msimamizi akauliza alimfungulia nani. Baba akajibu kwamba aliwafungulia ng'ombe wenye kiu, zaidi ya hapo hana la kusema. Yule mjane hakumtaja, na hakumtaja mpaka anaingia kaburini. Msimamizi alifoka, lakini shahidi ndiye huyohuyo na amekwisha kuyafuta maneno yake, kesi ingesimama kwa mguu gani? Aliandika ng'ombe watolewe. Kisha akanyoosha mkono kuomba koti.

Baba yake Gidamis hakumkumbatia baba, wala hakumwambia yameisha. Watu wanaopenda hadithi tamu huniuliza hivyo, na inanibidi niwakatishe tamaa. Alichofanya ni kumwachia yule ndama wa mwisho. Angeweza kumwita mwanawe aje amsukume, akamwacha baba yangu amsukume mpaka nje ya eneo la shule, mbele ya watu wote. Kwa wale watu, ng'ombe hasukumwi na mtu asiyeaminika. Mimi sikuelewa. Niliona aibu kwa ajili ya baba, nikidhani anaadhibiwa. Ni Gidamis aliyenieleza Jumatatu yake, dawatini, na kabla ya kunieleza aliniita kwa jina langu. Paulina, alisema, kama vile lilikuwa jina alilolijua siku zote.

Baada ya mavuno tulirudi Nambis. Mama alikuwa amesema tu kwamba udongo wa kule bado upo. Miaka ile tuliishi kwa mahindi, maharage na ng'ombe wawili, na sikumbuki njaa. Nimesoma vitabu vingi tangu wakati ule, na katika kila kimoja wapo kina Malimbo. Wanangu wakiniuliza kama watu wa namna hiyo wanastahili huruma huwa nasema ndiyo, upesi, bila kufikiri, wao wananiona mama mwepesi. Sina huruma nyepesi. Nilishawahi kuona huruma ikifanya kazi ngumu, ikiwa na samadi kwenye viatu.

Lakini nilitaka kuwaambia habari ya jioni ile. Jua lilikuwa bado halijazama tulipokuwa tunatembea kurudi kambini, baba na mimi, mama ametangulia na wanawake wenzake. Mikono yake ilikuwa haijui pa kukaa bila fimbo. Nilikuwa nimekwisha kujiandaa kumwomba msamaha kwa yale niliyosema mbele ya watu, na nilikuwa natafuta pa kuanzia, ndipo yeye akaanza.

"Nilitoka mapema," alisema. "Kura yenu ilikwendaje?"

Nikasimama njiani. Haikuwa imenijia kichwani, mpaka aliposema, kwamba alikwenda kukiri bila kujua kura itaangukia wapi. Alikuwa amevua kofia, akavuka ule uwanja na kuondoka wakati watu bado wamekaa, kabla hata mtoto mmoja hajanyanyuka kwenda kulia au kushoto.

"Malimbo alishinda, Baba," nikamwambia.

Akafikiri kidogo. Kisha akanipa mkono, tukaendelea na safari, yeye akitembea hatua ndefu kiasi kwamba ilinibidi nikimbie.